Askofu wa Arbab

Siku ya ibada tulimwita Baba Askofu. Siku nyingine zote tulimwita Ofisi.

"Ofisi inakuja," watu walinong'onezana kambini wakiona gari lake jeupe linakata kona, na papo hapo vifungo vya sare vilifungwa na majiko ya umeme yakasukumwa chini ya vitanda. Ijumaa, siku ya mapumziko huko enzi zile na ya ibada yetu, watu walewale walipanga mstari mbele yake, wakainamisha vichwa wabarikiwe. Alikuwa mtu mmoja, mwenye shingo ileile nene na kikohozi kilekile kikavu, na kwa miaka mingi sikuona ajabu yoyote. Dubai mtu hujifunza upesi kutoona ajabu.

Alikozaliwa sikujui, na sidhani kama kuna aliyejua. Kiswahili chake kilikuwa cha pande zote, leo cha Kenya, kesho cha Bara, akiwa na Wazanzibari anavuta maneno kama wao. Watanzania tulisema ni Mtanzania wa mpakani. Wakenya nao walisema ni wao. Baada ya yale yaliyotokea, kila upande ulimrudisha kwa mwenzake.

Kampuni yetu ilikuwa ya walinzi na wasafishaji. Wanaume walilala kambini Al Quoz. Sisi wanawake tulipangiwa vyumba Satwa, juu ya maduka ya mafundi cherehani, na usingizi wetu wa mchana ulikuwa na mlio wa mashine ndani yake. Mimi nilisafisha maghorofa ya Marina, nyumba za watu ambao sikuwahi kuwaona, isipokuwa nywele zao kwenye mabomba ya bafu. Mwenye kampuni alikuwa mzee mmoja wa hukohuko, mtu mpole wa sauti, tuliyemwita arbab kama wote wanavyoita mabosi wao. Kati yetu na arbab alikaa Baba Askofu.

Alikuja kama sisi, mlinzi wa kukaa mlangoni. Kiarabu alijifunzia hapo mlangoni, kwa kusalimiana na madereva na kurudia maneno yao wakishaondoka, mpaka siku moja arbab alipotaka kuwaambia walinzi jambo, akakuta huyu mmoja anamjibu kwa Kiarabu kilichonyooka, chenye adabu zake zote. Alimchukua siku hiyohiyo. Tangu hapo kuajiriwa, likizo, ugonjwa na hata msiba vilipitia kwake. Kabati la chuma lenye pasipoti zetu lilikuwa nyuma ya kiti chake, na mhuri wa kampuni ulilala mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo, umeacha doa la wino wa buluu ambalo hakuna sabuni iliyolitoa.

Uchungaji ulimjia katikati ya hayo. Alianza na watu wachache waliokuwa wakisali chumbani kambini, wakakua, chumba kikawa kidogo. Arbab akamwachia ukumbi wa ghala lake moja lililokuwa tupu, bure kabisa, hata umeme akalipa yeye. Tuliona ni muujiza na tukaimba hivyo. Baadaye wakaja maaskofu wawili kutoka nyumbani, wakamwekea mikono, akawa askofu. Joho la zambarau lilishonwa Satwa, chini ya chumba chetu, na fundi wa Kipakistani aliyezoea kushona kanzu za Waarabu, kwa hiyo joho lile lilikuwa na shingo ya kanzu na kishada chake kidogo kifuani. Arbab alikuja kwenye sherehe. Alikaa mstari wa mbele na nguo zake nyeupe, akatazama yote kwa heshima, na mwisho akamshika Baba Askofu mkono akamwita "mutran", neno la Kiarabu la askofu. Akacheka kidogo alipolitamka. Kuanzia siku ile hakumwita kwa jina lingine. "Wapi mutran wangu?" aliuliza akiingia ofisini, na mutran wake akainuka.

Alikuwa na miwani mbili. Ya ofisini ilikuwa ya fremu nyeusi, na ya madhabahuni ilikuwa ya waya wa dhahabu. Watu wenye shida walitazama kwanza amevaa ipi. Mwenye miwani ya dhahabu alikushika bega akakuuliza habari za mama yako kwa jina. Alikumbuka majina ya mama zetu wote, na hilo halikuwa uongo wala mbinu. Mwenye miwani nyeusi hakukutazama usoni. Alitazama mikono yako, uliyoleta nini.

Kanisani alitembea polepole kama maji yanayopanda. Ofisini alikimbia. Nilimwona mara moja akipanda ngazi mbili mbili kwa sababu arbab amepiga simu, mzee wa umri ule, na kikohozi kikimfuata nyuma. Alikula tende nyingi, akaweka kokwa mfukoni badala ya kuzitupa, sijui kwa nini. Hakuwahi kula mbele ya arbab. Hakuwahi kukataa kula kwetu, hata ugali umelala.

Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa hivyo nisingekuwa na haja ya kumsimulia.

Kulikuwa na binti mmoja wa Bukoba, mfanyakazi wa ndani, ambaye madam wake alimfungia ndani akamnyang'anya simu. Habari zilitufikia kwa njia ya mlinzi wa jengo. Hakuwa mtu wa kampuni yetu, wala wa kanisa letu. Baba Askofu alivaa miwani nyeusi, akaenda kwa arbab, wakanywa kahawa, wakazungumza ngamia na mvua, na kahawa ilipokwisha akamwomba. Arbab akapiga simu moja tu, kwa mume wa yule madam, maana walijuana. Wiki haikuisha binti yule alikuwa kwao Bukoba. Ijumaa iliyofuata tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, na Baba Askofu akahubiri habari za Yusufu nyumbani kwa Farao.

Yusufu ndiye alikuwa mtu wake. Musa hakumpenda sana. "Musa aligombana na Farao, watu wakazunguka jangwani wakafia huko," alisema. "Yusufu alikaa karibu na Farao, watu wakala. Mlango haufunguliwi na anayepiga kelele barabarani, wanangu. Unafunguliwa na aliye ndani." Tuliitikia amina. Sote tulitaka mtu aliye ndani. Ukiwa mbali na kwenu hutafuti nabii, unatafuta mtu anayemjua mtu.

Chumbani nililala na Mwanakombo, mwanamke wa Mombasa, Mwislamu, msafishaji kama mimi, mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa nazi. Yeye alimsikia Baba Askofu kwa masimulizi yangu tu, nikirudi Ijumaa nimejaa nyimbo.

"Mwenzangu," aliniambia siku moja akijipaka mafuta miguuni, "mshika mbili moja humponyoka. Huyu wenu ashika mbili, tena zote za moto. Mimi ningekuwa nyinyi ningeuliza mapema, ipi atakayoiachia."

"Hataachia hata moja," nikasema. "Ndiyo maana Mungu amempa mikono miwili."

Mwanakombo alicheka akafunika chupa ya mafuta.

Jambo ambalo sikulijua wakati ule, nalo Baba Askofu mwenyewe aliniambia baadaye sana, ni kwamba kila ombi lilikuwa na mwenziwe. Arbab hakusema neno. Alitoa alichoombwa kwa tabasamu. Ila wiki moja au mbili zikipita, naye alikuwa na dogo la kuomba. Walinzi wakae saa za ziada mwezi wa Ramadhani, wasilalamike. Wasafishaji wapya walale sita badala ya wanne kwenye chumba. Zungumza nao, mutran, wewe wanakusikia. Naye alizungumza nasi, na sisi tukamsikia.

Mwimbishaji wa kwaya yetu aliitwa Elia. Alikuwa mlinzi, kijana wa Mbeya mwenye sauti ya kwanza inayopanda bila kukaza shingo. Baba Askofu alimpenda kama mtoto aliyemzaa. Alimfundisha kusoma noti, akamfanya shemasi, akasema wazi mbele yetu kwamba siku akichoka, huyu ndiye. Elia naye alimwiga bila kujua, mpaka kikohozi. Walikuwa na mchezo wao. Baba Askofu akianza andiko, Elia lazima alimalizie, na akishindwa anaosha gari jeupe. Mara nyingi alishindwa kwa makusudi, kwa sababu kuosha gari kulimpa saa nzima ya kuzungumza na mzee peke yake.

Mwezi wa nane mmoja kiyoyozi cha vyumba vya nyuma kambini kiliharibika. Anayejua Dubai haelezwi mwezi wa nane. Asiyejua, achukue mvuke wa sufuria lililofunuliwa, alale ndani yake. Wanaume walilala uani juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na wakienda kazini walisinzia wamesimama. Walisema ofisini. Baba Askofu akawajibu kama alivyojibu maombi yote mazito, "Nitampata arbab akiwa na moyo mweupe."

Kabla moyo haujawa mweupe, mlinzi mmoja mtu mzima, Mkenya mwenye wajukuu, alirudi zamu ya usiku akalala mchana chumba cha nyuma, na jioni hawakuweza kumwamsha. Kampuni ilisema moyo. Labda ulikuwa moyo. Mwili ulisafirishwa upesi na kwa heshima, Baba Askofu alihangaikia kila kitu, hakula siku ile wala siku iliyofuata. Ijumaa akaongoza ibada ya maombolezo, akasema Bwana alimpenda zaidi yetu.

Wakati wa matangazo Elia alisimama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtoto anavyomwuliza baba yake.

"Baba, kiyoyozi cha vyumba vya nyuma kimetengenezwa?"

Baba Askofu alivua miwani ya dhahabu, akaifuta kwa joho, akaivaa tena.

"Elia, mwanangu, hapa ni madhabahuni. Mambo ya ofisini yalete ofisini."

Elia alikaa. Jumapili, siku ya kwanza ya kazi enzi zile, akaenda ofisini kabla ya zamu yake, akasimama mbele ya meza na kofia mkononi, akauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale. Baba Askofu alitazama mikono yake.

"Hapa ni ofisini," akasema. "Kama una uchungu wa msiba, ulete kanisani."

Elia alitusimulia haya akicheka, na sisi tukacheka, kisha tukaacha kucheka kwa pamoja.

Asubuhi ya tatu yake basi letu la wanawake kutoka Satwa lilipita kambini kama kawaida kuchukua wasafishaji wa kiume. Jua lilikuwa halijapanda sawasawa. Tulikuta mabasi ya walinzi yamewashwa, milango wazi, hakuna mtu ndani. Wanaume wote walikuwa wamekaa chini uani, wamevaa sare zao, wameshika mikebe ya chakula, kimya. Hakuna aliyepiga kelele wala kushika kitu. Walikaa tu. Mbele yao walisimama wanne kuzungumza na msimamizi, Elia mmoja wao. Huku kwetu sote tulijua kugoma ni kosa la kupelekwa polisi. Dereva wetu, mtu wa Peshawar, alizima injini akaanza kusoma dua.

Gari jeupe likaja. Baba Askofu akashuka amevaa joho.

Hatukuwahi kumwona na joho siku ya kazi. Nilisikia wanawake ndani ya basi wakishusha pumzi, mmoja akasema, "Asante Yesu, amekuja kusimama nasi." Hata mimi niliamini hivyo. Alipita katikati ya wanaume polepole, mwendo wake wa kanisani, akigusa vichwa, na wengine walianza kulia. Alipofika mbele aliinua msalaba wake wa kifuani.

"Wanangu," akasema, "mmenisemesha na nimesikia. Jana nilikuwa kwa arbab mpaka chakula kikapoa. Viyoyozi vinakuja leo. Leo, si kesho. Lakini yeye naye ana uso, hawezi kuonekana amesukumwa. Pandeni mabasi. Nendeni kazini. Jioni mkirudi mtalala kwenye baridi."

"Na hawa waliosema?" mtu mmoja aliuliza toka nyuma. "Hawa wanne?"

Alimtazama Elia. Nilikuwa dirishani, niliona alivyomtazama.

"Naapa kwa msalaba huu," akasema. "Hakuna atakayeguswa. Mimi ndiye dhamana."

Elia ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda basi. Alifanya hivyo ili wengine wafuate, na wakafuata wote.

Jioni viyoyozi vilikuwa vimefungwa, vipya, bado vina nailoni. Hilo lazima niliseme. Wanaume walilala kwenye baridi kama alivyoahidi, na Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje. Hakuhubiri Yusufu siku hiyo. Hakuhubiri sana. Nilidhani amechoka.

Wiki iliyofuata wale wanne waliitwa mmoja mmoja. Hakuna polisi, hakuna kelele. Pasipoti zilitoka kwenye kabati la chuma, viza zikafutwa, mhuri ukagongwa, na aliyeugonga ni yeye, maana ulikuwa mfukoni mwake na hakuwa na desturi ya kumpa mtu. Watatu walipelekwa uwanja wa ndege na dereva wa kampuni. Elia alipelekwa na Baba Askofu mwenyewe, ndani ya lile gari alilokuwa akiliosha.

Elia alinisimulia kwa simu, akiwa tayari Mbeya. Njiani Baba Askofu aliendesha akikohoa. Kwenye sehemu ya kuagana, pale abiria wanapoachana na ndugu zao, alimbebea begi mpaka mwisho wa ruhusa, kisha akavaa miwani ya dhahabu, akamwekea mkono kichwani akamwombea safari njema, kazi njema, mke mwema. Watu walipita na matoroli pande zote.

"Ukafanyaje?" nilimwuliza.

"Nilisema amina."

"Elia! Kwa nini?"

"Nimezoea," akasema.

Mimi nilimfuata Baba Askofu Ijumaa ile mlangoni mwa ukumbi, watu wakiwa wametawanyika. Sikuwa mtu wa kusema mbele za wakubwa, lakini nilikuwa sauti ya pili kwenye kwaya na pembeni yangu palikuwa na nafasi tupu.

"Baba, uliapa."

Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja mtu amwulize.

"Wanne wameondoka, binti yangu. Mamia wanalala pa baridi. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

"Nisingeapa."

Alitoa kokwa ya tende mfukoni, akaitazama, akairudisha. Ndipo akaniambia habari ya maombi ya arbab, jinsi kila fadhila ilivyokuwa na mwenziwe, miaka yote. "Niliapa kwa kitu nilichodhani ninacho," akasema. "Nilimwambia, hawa wanne niachie, ni watoto wangu. Akaniambia, mutran, wewe ni mtu wangu au mtu wao? Miaka yote ile sikuwahi kuulizwa. Nilikuwa naogopa swali hilo tangu siku ya kwanza. Lilipokuja nikasema, mtu wako."

Hakusema ili nimsamehe. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha daktari.

Kanisa halikufa siku ile. Lingekuwa limekufa siku ile ingekuwa afadhali. Lilikufa kama nguo inavyochakaa, kuanzia kwenye mikunjo. Kwaya ilibaki ya wanawake, kisha ya watatu. Watu waliendelea kuja kwa sababu yeye bado ndiye aliyekaa mbele ya kabati la chuma, na mtu mwenye likizo inayokaribia hakosi ibada. Lakini akisema "Bwana asifiwe," jibu lilitoka kwa viatu, kwa viti, kwa watoto wachanga, si kwa vinywa. Ijumaa moja aliinua mkono wa baraka akakuta watu wameshasimama wanatoka. Aliuacha mkono juu mpaka mtu wa mwisho akapita. Yusufu hakutajwa tena. Alihubiri Zaburi za kulia, akazisoma vibaya, akiruka mistari.

Mwanakombo hakuniambia "nilikwambia". Alinipikia mahamri, akakaa nami. "Pole, mwenzangu," akasema. "Na yeye pole. Yeye ndiye hana pa kurudi."

Arbab alipata kiharusi. Mtoto wake mkubwa akachukua kampuni, kijana aliyesoma nje, mwenye haraka. Hakuwa na ubaya na Baba Askofu. Hakuwa na jambo lolote naye. Ukumbi ule alitaka kuupangisha, akaufunga kwa kufuli jipya, ngoma na kinanda vikiwa ndani, na alipoelezwa kwamba ni kanisa alisema khalas, yaani basi, wachukue vitu vyao, lakini mwenye ufunguo hakupatikana na baadaye hakuna aliyekwenda kuuliza. Mhuri ulikabidhiwa kwa mtu mwingine. Nasikia Baba Askofu alikwenda nyumbani kwa arbab mzee kumwona, akaketi sebuleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na alipoingizwa mzee alimtazama kwa jicho lililokuwa zima, hakumtambua. Wengine wanasema alimtambua. Ajuaye ni yeye, na sikumwuliza.

Sisi hatukumchangia. Hatukufanya kikao cha kumuaga. Kila mtu aliyempigia simu mwenzake alikuta mwenzake anafikiri mwingine amelishughulikia. Kampuni yenyewe ilitawanyika, mimi nikapata kazi kwenye hoteli moja Al Jaddaf, kufua mashuka, Mwanakombo akarudi Mombasa kumwoza binti yake. Nikasikia Baba Askofu amerudi kwao, popote palipokuwa kwao, nikaamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Ndipo nikamkuta, mwaka huu, jioni moja kabla jua halijazama, nikitoka kazini kwenda kituo cha metro.

Njia yangu inapita kando ya jengo linalojengwa, mabati yamezungushwa, lango moja na kibanda cha mlinzi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, sare imemzidi mabega. Kikohozi ndicho kilichonigeuza kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, binti yangu." Alinijua papo hapo. Akauliza mama yangu hajambo, akamtaja kwa jina. Nikamwambia alifariki. Akasema pole, na baada ya hapo hakusema yuko pema wala Bwana ametoa. Alisema pole tu, akasogeza kiti cha pili, nikakaa.

Miwani ilikuwa moja, ya plastiki, ya kununua barabarani. Nilimwuliza anasali wapi siku hizi. Akasema hasali. Hakunong'ona wala kujitetea. "Nikifumba macho nasikia sauti yangu," akasema. "Si ya mtu mwingine. Yangu tu, inavyobembeleza." Kisha akauliza, akitazama barabarani, "Elia?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiri juu yake muda ambao lori moja lilichukua kupita.

"Anachimba mchanga mtoni, Baba. Haimbi. Mwanawe wa kwanza alimkatalia kubatizwa."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia.

Mabasi ya wafanyakazi yalikuwa yamesimama pembeni yetu, moja limejaa. Walikuwa wageni, nilisikia Kiswahili chao dirishani, Watanzania na Waganda, wameshanawa, vichwa vimelala kwenye vioo, wengine wanamenya ndizi. Msimamizi akatoka langoni mbio, kijana Mhindi mwenye kofia nyeupe ngumu, jasho limemwagika. Akamjia Baba Askofu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba lori la zege limechelewa ndio linaingia sasa, hawa watu washuke warudi juu, kesho watapumzika. "Mzee, wewe Mwafrika mwenzao, waambie. Waambie vizuri. Yalla."

Baba Askofu alisimama. Niliona shingo yake inanyooka, niliona pumzi inavutwa, na nikashika ukingo wa kiti kwa sababu nilijua kitakachotoka, nilijua hata atakapolainisha sauti.

"Samahani, sir," akasema. "Lugha yao siijui."

Msimamizi alimtazama, kisha akanitazama mimi, maana muda wote tulikuwa tunazungumza. Nikatazama chini. Hakuwa na muda wa kugombana. Alitoa simu mfukoni, akafungua programu ya kutafsiri, akaisemea sentensi mbili za Kiingereza, akapanda ngazi ya basi, akainua simu juu. Sauti ya mwanamke ikatoka humo, Kiswahili laini, safi kuliko chetu sote, cha kusomea taarifa ya habari: "Ndugu zangu, tafadhali shukeni. Zege limefika. Kesho mtapumzika."

Ndani ya basi mtu alicheka, "Sikia dada huyo anavyobembeleza!" na wengine wakacheka naye. Kisha nikasikia mikebe ikikusanywa.

Baba Askofu alikuwa amekaa tena, amelipa basi mgongo. Mikono yake ilikuwa magotini, viganja juu.

"Wanashuka?" aliniuliza.

"Wanashuka, Baba."

"Wote?"

Nilingoja mpaka wa mwisho akapita langoni, ndipo nikamjibu.

"Wote."